Nukta ya kadi ya kliniki na rangi zake

Mama wa Bujonde, hapa Tanzania, anayepeleka mtoto kliniki hahitaji kusomea grafu. Mtoto anatundikwa kwenye mizani, muuguzi anasoma kilo, kisha anatia nukta kwenye kadi kwa kalamu ileile aliyoandikia daftari. Nukta yenyewe haisemi kitu. Kinachosema ni rangi iliyo chini yake: kijani, mtoto anakua vizuri, kijivu, uzito umepungua, nyekundu, hali ni mbaya.

Kadi za namna hii zina asili yake Imesi-Ile, Nigeria, ambako daktari Mwingereza David Morley alifuatilia ukuaji wa watoto wa kijijini tangu miaka ya 1950. Alitaka kadi ikae kwa mama, si kwenye kabati la hospitali.

Kwetu, rangi hizo zilipata nguvu mkoani Iringa. Mpango wa lishe wa serikali, UNICEF na WHO ulianza katika vijiji 168 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watoto walipimwa, na hesabu ya walioangukia nyekundu, yaani chini ya asilimia 60 ya uzito unaotarajiwa, ikapelekwa mbele ya serikali ya kijiji. Mwenyekiti naye akawa na la kujibu. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka asilimia 6.3 mwaka 1984 hadi 1.8 mwaka 1988. Rangi peke yake haikumshibisha mtu, lakini ilimnyima kiongozi kisingizio cha kutojua.

Kwa anayechora takwimu hizo, kompyuta imegeuza mambo: karatasi ni nyeupe, rangi inabebwa na nukta. Katika R, programu ya bure ya takwimu na grafu iliyoanzishwa Auckland na Ross Ihaka na Robert Gentleman miaka ya 1990, usipoagiza rangi utapata viduara vyeusi vitupu. Kigezo cha rangi ni col. Ila alama za nukta namba 21 hadi 25 zina rangi mbili: col hupaka ukingo tu, bg ndiyo hujaza ndani. Wanafunzi wengi hukwama hapo. Mwaka 2020, toleo la 4.0.0 lilibadili rangi za kawaida, zikawa tulivu na rahisi kutofautishwa na wasioona vizuri tofauti ya nyekundu na kijani.

Printa ya wino mweusi haijali toleo. Ripoti ikitolewa humo, nyekundu na kijani zote hugeuka kijivu, na kwenye kadi ya kliniki kijivu kina maana yake. Anayechora grafu ya kupelekwa ofisi ya kata awape watoto wa nyekundu pembetatu, wa kijani duara.