Jua Lilipodhaniwa Adui

Sisi tuliokua na redio za masafa mafupi tunaijua adha hii. Ni saa saba mchana, taarifa ya habari inasomwa, mara sauti inadidimia mpaka kimya. Marehemu baba yangu alikuwa akiipiga redio kofi, kisha anawalaumu mafundi mitambo. Nami nilipoingia katika kazi hii niliwalaumu hao hao. Huenda siku nyingine mkosaji alikuwa jua.

Juu ya madoa meusi ya jua, nguvu za sumaku hujisokota kama mpira unaovutwa. Zikikatika na kujiunga upya, hutokea mlipuko. Miale yake ya eksirei hutufikia kwa dakika nane hivi na kulivuruga tabaka la juu la hewa, likaanza kuyameza mawimbi ya masafa mafupi, lakini upande wenye mchana tu. Jua lenyewe nalo hutoa mawimbi ya redio. Hayo ndiyo huingia kwenye rada, na hapo ndipo mambo hutisha.

Februari 12, mwaka 1942, meli za kivita za Ujerumani zilipita mlangoni kabisa mwa Uingereza huku Wajerumani wakizivuruga rada za pwani. Aibu ilikuwa kubwa. Wiki mbili baadaye, Februari 27 na 28, rada za mizinga ya kutungulia ndege zilijaa kelele, na nani angemshuku mwingine? James Stanley Hey, mtafiti wa jeshi la Uingereza, aliona kwamba kelele zilitoka upande lilipokuwa jua. Akawauliza wataalamu wa nyota wa Greenwich, wakamwambia kuna doa kubwa karibu na katikati ya uso wa jua. Habari hiyo ilichapishwa hadharani mwaka 1946, vita vimekwisha.

Makosa hayo yalirudiwa Mei 23, 1967, safari hii kukiwa na silaha za nyuklia. Rada kubwa za Marekani za kuonya juu ya makombora, zilizokuwa Alaska, Greenland na Uingereza, zilivurugwa zote kwa pamoja. Makamanda waliwashuku Warusi, na kwa hesabu za Vita Baridi, kuzivuruga rada hizo ni sawa na kutangaza vita. Jeshi la anga likaanza kuandaa nguvu za ziada.

Waliookoa jahazi ni watabiri wachache wa hali ya jua, kitengo kilichokuwa bado kichanga jeshini. Siku hizo walikuwa wakilifuatilia kundi kubwa la madoa, na walipoulizwa walijibu kwamba jua limelipuka. Taarifa ikawafikia wakubwa kwa wakati, maandalizi yakasitishwa.

Watafiti waliposimulia kisa hicho kwa kirefu ulikuwa mwaka 2016. Miaka 49 ilikuwa imepita.