Pengo la Taya la Chini: Meno ya Watoto katika Nchi ya Ngorongoro na Karatu

Jino hung'oka, na jino hung'olewa. Jina "pengo" lafunika hali zote mbili, na mwenye kuchunguza mambo ya kale hana budi kuzitenga. Katika nchi ya Ngorongoro na Karatu mtoto aweza kupoteza meno ya mbele kwa kuanguka au kwa teke la punda. Mwenzake aliyapoteza kwa kisu, tena kwa ridhaa ya wazee wake.

Moritz Merker katika kitabu chake cha mwaka 1904, na A. C. Hollis katika chake cha 1905, waliandika kwamba Wamasai huondoa meno mawili ya katikati ya taya la chini. Wadatoga wa upande wa ziwa Eyasi (ambao wengine huwaita Wamang'ati, jina la Kimasai lenye maana ya adui) wana desturi kama hiyo, tena huchanja chale kuzunguka macho. Meno ya utoto huondolewa kwanza, kisha yale ya pili, ambayo huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 au 7. Kisu kikizama mno katika ufizi, chaweza kuliharibu jino la pili lingali changa ndani ya taya.

Sababu itajwayo zaidi ni pepopunda. Ugonjwa huo hukaza taya hata kinywa kisifunguke, na kwa pengo mgonjwa aweza kunyweshwa maziwa. Wako wanaoidharau sababu hii kuwa imebuniwa baadaye, mimi siidharau. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, na wafugaji hukaa navyo usiku na mchana. Walakini jeraha la kisu nalo ni mlango wa ugonjwa ule ule. Tena sababu hiyo si yote, maana pengo lilihesabiwa pia kuwa uzuri na alama ya kabila. Mpango wa taifa wa chanjo ulipoanza mwaka 1975, hofu ya pepopunda ilipata dawa nyingine. Siku hizi vijana wengi wa Kimasai wana meno yao yote.

Kwa bahati njema, ajali na desturi haziachi alama moja. Mtoto akianguka kifudifudi, yanayoumia zaidi ni meno ya mbele ya juu, na mara nyingi huvunjika vipande. Desturi huchukua mawili ya chini, yakatoka mazima.

Mfupa wa kale hausemi waziwazi hivyo. Mwaka 1960, katika bonde la Olduvai, Jonathan Leakey alipata taya na vipande vya fuvu la mtoto aliyeishi yapata miaka 1,750,000 iliyopita, ambaye mwaka 1964 aliwekwa katika jamii ya Homo habilis. Louis Leakey, baba yake, alipoziona nyufa za fuvu alidhani kwamba mtoto alipigwa kichwani akafa. Lakini uzito wa udongo nao hupasua mfupa. Je, fuvu lilipasuka, au lilipasuliwa?

Kwa watoto wa leo swali lina jibu, mradi liulizwe mapema. Daftari ya zahanati ikiandika "meno mawili hayapo" tu, atakayeisoma baadaye ataweza kuhesabu desturi kuwa ajali, au ajali kuwa desturi. Yapasa iandikwe taya gani, meno yapi, na yalitokaje.