Serikali za kigeni na umiliki wa ardhi Tanzania

Umiliki wa ardhi wa serikali za kigeni nchini Tanzania unabanwa na kanuni moja iliyo mama wa nyingine zote: ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Imo katika Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Hata raia mwenye kiwanja Kariakoo, Dar es Salaam, anacho kibali cha kukitumia kwa muda ulioandikwa kwenye hati, usiozidi miaka 99.

Kwa asiye raia mlango ni mwembamba zaidi. Kifungu cha 20 kinamkataza kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliokubaliwa kisheria, na kampuni ambayo wenye hisa wengi ni wageni huhesabiwa kuwa mgeni. Muda wake ukiisha, ardhi hurudi kwa mamlaka ya uwekezaji. Kwa hiyo mgeni anayenunua nyumba Kariakoo kwa jina la rafiki raia amejenga juu ya mchanga: hati inamtambua yule aliyeandikwa.

Historia ya jambo hili inaonekana wazi katika eneo la Posta, Dar es Salaam. Kwa amri ya mwaka 1895 Wajerumani walitangaza ardhi waliyoiona haina mwenyewe kuwa ya dola yao. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 120, ukaitwaa mali yote ya dola hiyo katika makoloni yake na kuikabidhi kwa serikali zilizochukua utawala. Hivyo ndivyo makazi ya gavana wa Kijerumani pale baharini yalivyoangukia mikononi mwa Waingereza. Leo mahali hapo ni Ikulu. Mali za Wajerumani binafsi ziliuzwa, na wafanyabiashara wa Kihindi walinunua nyingi. Mwaka 1923 Waingereza waliweka ardhi chini ya gavana, lakini wakaacha hati za umiliki wa kudumu zilizotolewa na Wajerumani. Hati hizo zilifutwa na Tanganyika huru mwaka 1963.

Utaifishaji wa majumba wa Aprili 1971 haukulenga dola za nje. Uligusa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya watu wenye asili ya Asia, wakiwemo raia. Yalikwenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa.

Balozi zina njia yake. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, ibara ya 21, unaitaka nchi mwenyeji kuisaidia nchi nyingine kupata majengo ya ubalozi, ila kwa kufuata sheria za mwenyeji. Umoja House, karibu na Mtaa wa Mirambo, ina balozi za Uingereza na Ujerumani chini ya paa moja. Askari wa Tanzania haingii humo bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi, na jengo la ubalozi halitozwi kodi ya majengo. Wengi huamini kwamba ubalozi ni ardhi ya nchi ya nje. Si kweli: ni ardhi ya Tanzania yenye kinga.

Hoja nzito zaidi iko bandarini, hatua chache kutoka Posta. Oktoba 2022 Tanzania ilitia saini makubaliano ya bandari na Dubai, na Bunge likayaridhia Juni 2023. DP World, kampuni ya kuendesha bandari, ni mali ya serikali ya Dubai, na masharti ya ardhi katika makubaliano hayo yalizua mjadala mkali nchi nzima. Mahakama Kuu Mbeya ilitupilia mbali shauri la kuyapinga Agosti 2023. Mikataba ya Oktoba mwaka huo iliipa kampuni hiyo uendeshaji wa gati namba 4 hadi 7 kwa miaka 30, huku bandari ikibaki chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari.

Kenya, kwa ibara ya 65 ya Katiba ya 2010, inamwekea mgeni kikomo cha miaka 99. Jimbo la Florida, Marekani, mwaka 2023 lilikwenda mbali zaidi: liliitaja China na nchi nyingine sita na kuzizuia serikali zake kumiliki mashamba na ardhi iliyo karibu na kambi za jeshi. Tanzania haitaji nchi yoyote, na hilo ni jambo jema. Pengo lake liko kwingine. Kifungu cha 20 kinauliza uraia wa wenye hisa, hakiulizi kama mwenye hisa ni mfanyabiashara au ni dola. Ulinzi dhidi ya dola ya kigeni kwa hiyo unategemea makini ya wanaoandika mkataba, na mikataba ya namna hiyo inapaswa kuwekwa wazi kabla ya kusainiwa.