Mizigo Iliyopita Mikononi: Bandari ya Musoma na Njia za Mara

Tunapoadhimisha miaka 100 ya usharika wetu, tunawakumbuka kwa shukrani wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa waliotutangulia. Ni haki pia tuwakumbuke watu ambao majina yao hayamo katika vitabu vya usharika, nao ni wachukuzi wa mizigo.

Nchi yetu ya Mara haikujaliwa kuwa na reli. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi shehena iliyotoka ng'ambo ililazimika kubadili vyombo mara nyingi kabla ya kutufikia. Desemba 1901, reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Hata katika enzi ya Wajerumani, biashara kubwa ya upande wetu wa ziwa ilipitia njia hiyo iliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Mzigo ulishushwa Mombasa kutoka meli ya bahari, ukapakiwa garimoshi. Ukashushwa Kisumu, ukapakiwa meli ya ziwa. Ukashushwa tena Musoma. Kutoka hapo ulikwenda Butiama au Bunda kwa vichwa vya watu, na baadaye kwa malori. Pamba ya wakulima wetu ilisafiri kwa kufuata hatua hizo hizo kinyumenyume. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, nasi tukapata mlango wa pili, wa kuelekea Dar es Salaam.

Meli zenyewe nazo zilikuwa shehena. MV Victoria iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikavushwa bahari, ikapandishwa kwa reli hadi Kisumu na kuunganishwa huko. Ilianza kazi mwaka 1961.

Kila aliyefanya kazi gatini anajua kwamba mzigo hauharibiki sana ukiwa njiani, bali pale unapobadili chombo. Hapo ndipo gunia hupasuka, mvua hulowesha sanduku, na hesabu hupotea. Ndiyo maana karani alisimama na daftari lake akihesabu kila kinachotoka na kila kinachoingia, na makuli wakapokezana bega kwa bega. Uaminifu wa mtu mmoja haukutosha. Ilibidi anayetoa na anayepokea wote wawe waaminifu.

Katika miaka ya 1960 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilileta nafuu kubwa, yaani meli mbili za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru. Behewa liliingia melini pamoja na shehena yake, likavuka ziwa bila mzigo kuguswa, na Musoma ikawa miongoni mwa bandari zilizowekewa daraja la kuyapokea. Hapo ndipo shehena iliposhushwa na kupakiwa malori.

Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Umoja ikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya, na mpaka ukafungwa hadi mwaka 1983. Kisumu, iliyokuwa lango letu la kwanza, ikawa mbali kuliko Dar es Salaam. Reli haikung'olewa, wala ziwa halikukauka, wala gati halikubomoka. Kilichokatika ni mapatano kati ya mkono unaotoa na mkono unaopokea. Nao wakulima na wafanyabiashara wa Mara wakaulipia mkato huo kwa miaka sita.

Hapa kuna fundisho kwa usharika unaoingia karne yake ya pili. Imani nayo haikutufikia kwa chombo kimoja. Ilitoka lugha hadi lugha, mwalimu hadi mwanafunzi, bibi hadi mjukuu, na kila mahali ilipopokezwa ingaliweza kupotea. Mtume Paulo, alipowaandikia Wagalatia katika sura ya 6 juu ya mizigo, aliwahimiza wasaidiane kuibeba. Wazee wetu walituachia shehena hii ikiwa kamili. Sasa sisi ndio tuliosimama gatini, na watoto wetu wamenyoosha mikono. Mungu atujalie kuwakabidhi bila kupunguza kitu.