Yellowstone: mbwa mwitu walirudi, maji ya vijito hayakurudi

Kuna hadithi moja ya wanyama pori inayozunguka sana katika simu za watu. Inasema kwamba Wamarekani walirudisha mbwa mwitu katika mbuga ya Yellowstone, na kwa muda mfupi miti ikaota tena, ndege wakarudi, hata mito ikabadilisha njia. Ni hadithi tamu. Lakini wachunguzi ambao wamepima vijito vya mbuga hiyo kwa zaidi ya miaka 20 wanasema hiyo ni nusu tu ya mambo. Ile nusu ingine ndiyo inayofaa zaidi kujulikana mahali popote ambapo watu wanataka kurudishia pori wanyama waliopotea.

Yellowstone iko magharibi mwa Marekani, sehemu kubwa katika jimbo la Wyoming, na vipande vidogo katika Montana na Idaho. Ina ukubwa wa karibu kilometa za mraba 9,000, na inahesabiwa kuwa mbuga ya taifa ya kwanza duniani. Ilifunguliwa mwaka wa 1872, katika udongo ambao wenyeji wa asili walikuwa wakiwinda na kuishi kwa maelfu ya miaka. Wakaaji wa Kivu wana uhusiano nayo bila kujua: mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alitembelea mbuga za Marekani mwaka wa 1919, na mwaka wa 1925 mbuga ambayo leo inaitwa Virunga ikaanzishwa kwa jina lake.

Zamani zile, kulinda wanyama hakukumaanisha kulinda wanyama wote. Mbwa mwitu (si wale mbwa wa madoa wa Afrika, hawa ni wakubwa, wa manyoya mazito ya baridi) walionekana kuwa adui wa mifugo na wa wanyama wazuri. Kati ya 1914 na 1926 si chini ya mbwa mwitu 136 waliuawa ndani ya mbuga yenyewe, na waliowaua walikuwa watu wa serikali. Kiisha hapo, kundi likawa limekwisha.

Aliyefurahia ni wapiti, kulungu mkubwa wa kule, anayeweza kupita kilo 300. Waliongezeka mpaka askari wa mbuga wenyewe wakawa wanawapiga risasi kupunguza hesabu, kazi iliyoendelea hadi miaka ya 1960 watu walipoikasirikia. Wakati wa baridi wapiti wanashuka kwenye mabonde ya kaskazini na kula kila chipukizi. Kando ya vijito kuna mti mdogo ambao Biblia ya Kiswahili inauita mwerebi. Mwerebi ukiliwa kila mwaka unabaki kama kichaka cha magotini.

Hapa ndipo anaingia mnyama wa tatu, kastori. Huyu ni kama panya mkubwa wa majini, mwenye meno ya kukata miti. Anakata mierebi, anakula maganda yake, na matawi anayachanganya na matope kujenga baraji ndogo kukatiza kijito. Maji yanasimama, yanajaa bwawa, yanaingia polepole katika udongo wa pande zote. Mierebi ilipokwisha, kastori wakaondoka. Baraji zao zikabomoka, na kijito kilichokuwa kikitandaa bondeni kikaanza kukimbia na kuchimba udongo. Kikachimba mpaka kikajikuta ndani ya mtaro, na maji ya chini ya ardhi yakashuka pamoja nacho. Bonde likakauka juu, wakati mto bado unapita chini.

Mwaka wa 1995 mbwa mwitu 14 waliletwa kutoka Canada, na mwaka uliofuata wengine 17. Wakazaa, wakajigawa katika makundi. Wapiti wa kaskazini, ambao walihesabiwa karibu 19,000 mwaka wa 1994, wakashuka chini ya 4,000 mwaka wa 2013. William Ripple na Robert Beschta wa Chuo Kikuu cha Oregon State wakaonyesha kwamba katika sehemu fulani miti ilianza kuvuka urefu ambao mdomo wa wapiti unafikia. Hadithi ile tamu ilizaliwa hapo, na haikutoka hewani.

Lakini je, ni mbwa mwitu peke yao waliopunguza wapiti? Hapana. Puma nao waliongezeka. Wawindaji walikuwa wakingoja wapiti waliotoka nje ya mpaka wa mbuga. Kulikuwa na miaka ya ukavu. Na dubu, hapo jambo linatoka msituni na kuingia ziwani.

Katika ziwa Yellowstone kuna samaki wa asili, trauti mwenye alama nyekundu chini ya taya. Wakati wa kutaga mayai anapanda vijito vidogo, na dubu wanamvua humo kwa urahisi. Mwaka wa 1994 iligunduliwa kwamba kuna trauti mwingine ziwani, mkubwa, mlaji wa wenzake, ambaye si wa pale. Watu ndio waliomtia. Katika kijito kimoja, Clear Creek, samaki wa asili waliopanda mwaka wa 1978 walipita 70,000. Kufikia 2007 hawakufika 1,000. Na yule mgeni hawezi kuziba pengo, maana anakaa kwenye vilindi na kutaga humo humo ziwani, dubu hamfikii. Dubu wakakosa samaki, basi wakazidi kula watoto wa wapiti. Samaki aliyetiwa ziwani na watu ana mkono wake katika hesabu ya kulungu wa mlimani!

Wakaaji wa Goma na Bukavu wanajua kwamba samaki mgeni si lazima awe msiba: sambaza wa ziwa Kivu waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanalisha familia nyingi. Ila Kivu haikuwa na samaki wa kukaa maji ya wazi katikati ya ziwa, nafasi ilikuwa tupu. Kule Yellowstone nafasi ilikuwa na mwenyewe. Serikali ya Marekani imetoa trauti wageni zaidi ya milioni 4 kwa nyavu tangu miaka ya 1990. Samaki wa asili wameanza kuongezeka polepole, lakini nyavu zikisimama, mgeni anarudi.

Turudi kwenye vijito. Kuanzia mwaka wa 2001, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Colorado State, wakiwa na Tom Hobbs na David Cooper, walifanya jambo rahisi na refu. Walichagua vijito vya kaskazini mwa mbuga na kuvigawa katika vipande. Vingine walivizungushia ua ili wapiti wasile kabisa. Vingine walivijengea baraji ndogo kwa mkono, kuiga kazi ya kastori. Vingine vikapata ua na baraji pamoja, na vingine vikaachwa hivyo hivyo. Kisha wakapima mierebi mwaka kwa mwaka.

Kama hadithi ya simu ingekuwa kamili, ua peke yake ungetosha, kwa sababu ndani ya ua hakuna mdomo hata mmoja. Haukutosha. Matokeo ya miaka 10 ya kwanza yalitolewa mwaka wa 2013: mierebi ya ndani ya ua bila baraji ilibaki mifupi. Iliyopanda vizuri na kupita meta 2 ni ile iliyopata vyote viwili, ua na maji yaliyoinuliwa. Mwaka wa 2024 yakatoka matokeo ya miaka 20, na picha haikugeuka sana. Mizizi ilikuwa inatafuta maji ambayo yalishuka zamani.

Hilo ndilo fundo lenyewe. Kastori anahitaji mierebi mirefu ili akae. Mierebi inahitaji maji ya juu. Maji yanahitaji baraji ya kastori. Mbwa mwitu hajengi baraji.

Wachunguzi bado wanabishana, na si kwa upole kila wakati. Upande mmoja unaonyesha mabonde ambako miti imerudi kweli, na kastori wameonekana tena katika vijito kadhaa. Upande mwingine unajibu kwamba hapo maji hayakuwa yameshuka sana, au kwamba kastori hao walitoka kwa wale walioachiliwa na watu kaskazini ya mbuga. Nao nyati wa Marekani wameongezeka katika bonde la Lamar, na wanakula na kukanyaga kingo zile zile ambazo wapiti wameacha. Mbwa mwitu hawapunguzi nyati kwa namna wanavyopunguza wapiti. Nje ya mpaka, wafugaji wa ng'ombe hawapendi mbwa mwitu hata kidogo: katika majira ya baridi ya 2021 na 2022 wawindaji waliua mbwa mwitu 25 wa makundi ya Yellowstone walipotoka nje.

Katika vipande visivyopewa ua wala baraji, mierebi imeongezeka kidogo tu. Kijito kinapita chini katika mtaro wake, na juu, mahali palipokuwa bwawa la kastori miaka 100 iliyopita, kumeota nyasi za ukavu.