Maonyesho ya pikapu za dizeli: Uwanja na bima kabla ya injini

KATIKA miji midogo ya Marekani, maonyesho ya pikapu za dizeli aghalabu huanzishwa na kikundi cha marafiki wapendao injini. Mapenzi hayo yalishika kasi Dodge ilipoanza kuuza pikapu zenye injini ya Cummins mwaka wa 1989. Power Stroke ya Ford ikafuata mwaka wa 1994 na Duramax ya General Motors mwaka wa 2001.

Wenye magari hupatikana kwa urahisi. Kigumu ni uwanja. Wengi hukodi uwanja wa maonyesho ya kilimo wa kaunti, ambao tayari una viti, vyoo na lango la kukatia tiketi. Hata hivyo, mwenye uwanja hudai cheti cha bima kinachomtaja naye kuwa miongoni mwa wanaokingwa. Bima ya magari yaliyoegeshwa yatazamwe si sawa na bima ya mashindano, na ndiyo maana ni heri kikundi kichanga kianze na zawadi ya gari lililotunzwa vyema kuliko yote.

Watazamaji, lakini, huja kuona mashindano ya kuvuta. Gari hufungiwa tela lenye sanduku la uzani. Kadiri tela linavyokokotwa ndivyo sanduku hilo linavyosogea kutoka nyuma kuelekea mbele, na bamba la chuma la upande wa mbele likazidi kuigandamiza ardhi. Lengo kwa kawaida ni futi 300, yaani takriban mita 91. Ni kikundi gani kitamudu kununua tela kama hilo? Hukodishwa, na tarehe ya maonyesho hupangwa kwa kufuata nafasi ya mwenye tela.

Injini ya dizeli haitumii plagi kuwasha mafuta. Huyawasha kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Ikianza kufyonza oili yake yenyewe, kuzungusha ufunguo hakuizimi. Kwa sababu hiyo, magari yaliyoongezwa nguvu sana hutakiwa kuwa na kifaa cha kuziba hewa, kilichounganishwa na tela kwa waya ili kiizime injini mnyororo ukikatika.

Hatari kwa watazamaji si ya kubuni. Mnamo Septemba 28, 2014, mjini Haaksbergen, Uholanzi, gari kubwa la maonyesho, ambalo halikuwa la kuvuta tela, liliparamia umati na kuua watu watatu. Waandalizi walikuwa wenyeji na walikuwa na kibali cha manispaa. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka wa 2015 ililaumu pande zote mbili kwa kutozingatia ipasavyo usalama wa watazamaji, na meya akajiuzulu.

Kwa hivyo, mahali pa kusimama watu hupimwa kabla ya tiketi kuchapishwa. Vizuizi huwekwa kandokando ya njia, na upande ambao magari yanaelekea huachwa wazi, hata ikiwa ndiko mandhari ni mazuri zaidi. Wazimamoto na ambulensi huwa uwanjani kabla ya injini ya kwanza kuwashwa.