Kitufe Kimoja, Milango 60: Stori ya Bloki Ambayo Hukuambiwa Darasani

Wasee wa usanifu majengo na uhandisi, hii ni yenu. Lakini hata kama wewe kazi yako ni kuhariri video, kaa hapo. Ile raha ya kubonyeza kitu mara moja na kazi ya siku mbili ikaisha ina historia, na sehemu kubwa ya hiyo historia ni ya watu wa kuchora ramani.

Rudi 1963, MIT, Marekani. Ivan Sutherland, kijana wa miaka 24, anawasilisha tasnifu yake kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Alichora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga, huku mkono wa pili uko kwenye vitufe halisi vya kubonyeza kwa kidole. Kuna cha kuchora, kuna cha duara, kuna cha kusogeza. Kwa hivyo ukidhani vitufe vilikuja baadaye kama urembo, zii. Vilikuwepo tangu mwanzo.

Ila kinachonimaliza mimi si kalamu. Ni hii: unachora umbo moja, linakuwa mama. Halafu unaweka nakala zake popote, kubwa, ndogo, zimegeuzwa. Ukirekebisha mama, watoto wote wanabadilika papo hapo. Sutherland alijaza karatasi pembesita 900 kwa kama nusu saa, pamoja na muda wa kukuna kichwa. Idara ya wachoraji ilikadiria kwamba wao wangehitaji siku mbili. Sijui kama unaiskia hiyo. Ni yale maongezi tunayofanya leo kuhusu AI na kazi zetu, miaka sitini kabla.

Wachoraji wa enzi hizo hawakuwa wajinga, by the way. Walikuwa na vipande vya plastiki vyenye matundu ya umbo la choo, sinki, mlango. Unapitisha penseli, umemaliza. Hiyo ni bloki tayari, tofauti ni kwamba plastiki haikumbuki ulichochora nayo jana.

1982, John Walker na wenzake wakaanzisha Autodesk, na AutoCAD ikaingia kwenye kompyuta ndogo za mezani. Hapa ndipo mambo yalinoga, kwa sababu menyu yake ilikuwa faili ya maandishi tu, acad.mnu. Unaifungua, unaandika yako. Ofisi ya kuchora mabomba ikawa na menyu ya mabomba, ya umeme ikawa na ya umeme. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ilifanya watu waipende, kuliko hata uchoraji wenyewe. Tangu AutoCAD 2006 unatumia amri ya CUI: unatengeneza amri mpya, unaipa picha, unaiburuta hadi kwenye upau wa zana. Ndani yake unaandika kitu kama hiki:

^C^C-INSERT;mlango;\1;1;\

Alama ya nukta mkato ni Enter. Mkwaju wa nyuma ni "ngoja nionyeshe mahali", na ule wa mwisho unangoja pembe ya kugeuza. Na ^C^C? Hapo ni kufuta amri yoyote iliyobaki wazi. Inatoka enzi za DOS, wakati Ctrl+C ilimaanisha "acha", si "nakili". Yaani ndani ya kitufe chako cha 2020-something kuna mzee wa miaka ya 80 bado anafanya kazi.

Sasa, hapa ndipo nina shida. Hizo maktaba za bloki na vitufe, mara nyingi anayezijenga ni yule mdogo ofisini. Intern. Anakaa wiki akichora kitanda, dirisha, ngazi, anapanga vitufe, na project ya fleti 60 inatoka haraka. Mkiamua mlango upanuliwe, anabadilisha mama mmoja tu, milango yote 60 inafuata. Akiondoka, kila kitu kinabaki kwenye kompyuta ya ofisi, na kwenye kona ya ramani pale jina lake halipo. Kila mtu anabonyeza kile kitufe, na hakuna anayeuliza nani alikiandika.

Kwa hivyo kama uko attachment saa hii na umepewa hiyo kazi, waulize mapema na kwa heshima: naruhusiwa kubeba nakala ya nilichojenga? Na jina langu linaandikwa wapi?